Nimepitia mafunzo ya timu ya uokoaji ya kujitolea hapa Moshi, nyota nne

Wakuu habari zenu. Wikiendi iliyopita nilikua kwenye mafunzo ya timu ya uokoaji ya kujitolea ya mtaani kwetu, jumamosi kutwa na jumapili baada ya ibada, bure kabisa, chai na maandazi juu yao. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Mimi ni bodaboda. Mafuriko ya mwezi wa nne 2024 nilisimama ukingoni na wenzangu kama ishirini, jirani yetu kang'ang'ania mti katikati ya maji na sisi tunapiga kelele tu, aisee hamna hata mmoja mwenye kamba. Alitoka mzima kwa kudra za Mungu, ila ile sauti yake bado ninayo masikioni.

Ndo maana somo la kamba lilinigusa kuliko yote. Kumbe mtu akiwa kwenye maji humfuati ndani, utaongeza maiti ya pili. Unaanza na mti mrefu umfikie nao, ikishindikana unamrushia kitu kinachoelea, na hicho kitu ni dumu la lita 20 ambalo kila nyumba inalo, unaacha maji kidogo ndani ili lipate uzito wa kuruka, unakaza kifuniko, unafunga kamba ya manila, ile ya plastiki, kwenye mshikio. Manila kwa sababu inaelea, katani inanyonya maji inazama. Na usijiviringishie mkononi wala kiunoni, akikuvuta mnaenda wote. Tulirusha pale uwanjani mpaka mabega yakauma, mama mmoja muuza ndizi ndo alikua analenga kuliko vijana wote, dumu linapita juu ya bega la mlengwa kamba inamdondokea kifuani, tukampigia makofi.

Huduma ya kwanza pia ilikua safi: kukandamiza kifua mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, na aliyezama unaanza na pumzi kwanza maana alichokosa ni hewa. Na kabla ya yote mmoja apige 114, zimamoto na uokoaji, sio wote tuko bize tunarekodi video.

Nyota niliyokata ni hii: mdoli wa kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua ulikua mmoja, watu zaidi ya thelathini, nilipata zamu dakika tatu hivi. Halafu somo la majeruhi wa ajali ya barabarani, jinsi ya kumnyanyua bila kumpinda shingo, lilipitishwa harakaharaka jioni watu washaanza kuondoka, na sisi wa boda ndo tunalihitaji kila siku. Naomba sana somo hilo walipatie nusu siku yake.

Ukienda vaa nguo za kuchafuka na uchukue dumu lako kabisa. La kwangu liko kijiweni, limefungwa kamba tayari, wenzangu wote wanajua lilipo.