Mwaka na nusu kwa therapisti wa saikodainamiki hapa Dodoma: nilivyompata, nilicholipa na kilichonikera

Nianze na kifua. Mwaka juzi ilikuwa kila Jumapili jioni kuanzia saa moja hivi kifua kinabana, mkono wa kushoto unakuwa mzito, moyo unadunda kama nimetoka kukimbizwa na mbwa, na usiku silali mpaka saa tisa. Nikajua tayari, presha hiyo. Nikapima presha, nikapima sukari, nikafanyiwa kile kipimo cha moyo cha kubandikwa waya kifuani, sehemu moja wakanipa mpaka dawa za vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo, na kote jibu ni lile lile, uko fiti kaka, punguza mawazo. Punguza mawazo! Kana kwamba yana swichi ukutani.

Daktari mmoja kijana ndo aliuliza swali la maana. "Jumapili kuna nini?" Nikamwambia Jumapili ndo siku narudi Dodoma. Mimi ni mhasibu, ofisi yetu ilihamia huku na wengine wote, familia ikabaki Dar, mke ana duka lake Tabata na watoto wanasoma, kwa hiyo Ijumaa nashuka Jumapili napanda. Zamani kwa basi siku nzima imeisha, sasa hivi na SGR hata saa nne hazifiki upo Dodoma, lakini kifua hakikujua kama usafiri umeboreshwa. Yule daktari akasema tafuta mtaalamu wa kuongea naye, na siyo mshkaji wako wa kwenye supu.

Sasa kwa Dodoma ukisema unatafuta mtaalamu wa mambo ya akili neno linalomjia kila mtu ni moja, Mirembe. Ile hospitali ipo tangu enzi za mkoloni na jina lake tumeligeuza tusi la taifa, mtu akivaa soksi mbili tofauti utasikia "huyu katoroka Mirembe". Nikawaza nikionwa pale getini na mtu wa ofisini si nimekwisha. Baadaye niliona ule ulikuwa ujinga wangu tu, na niseme wazi hapa hapa, kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii au unafikiria kujiua au ndugu yako hali halali siku ya nne sasa, usihangaike na mambo ya mara moja kwa wiki kama mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na Mirembe ndo hospitali ya taifa ya kazi hiyo. Mimi yangu ilikuwa ya kifua cha Jumapili.

Wa kwanza niliyempata alikuwa mshauri nasaha, simtaji. Nikaeleza dakika kumi, na yeye akaongea dakika kumi na tano, samehe, fanya mazoezi, mshirikishe Mungu, mhamishie mkeo huku. Elfu ishirini. Yote ya kweli kabisa ila hayo shemeji yangu ananipa bure na chai juu. Nikaja nikajaribu kozi ya onlaini ya kujaza fomu, unaandika wazo baya, unatafuta ushahidi wake, unaandika wazo lingine. Nilikuja kujua ni tiba ya fikra na tabia, ile ya Aaron Beck wa Marekani miaka ya 1960, ambaye mwenyewe alianzia kwenye shule ya Freud, yule daktari wa Vienna wa kuchimba yaliyojificha akilini, kabla ya kushika njia yake. Sitaiponda, usingizi ulirudi wiki kama tatu. Ila Jumapili ikabaki Jumapili, na mimi nikabaki nataka kujua KWA NINI, siyo namna ya kuizima tu.

Ndo nikaanza kugugo usiku mpaka bando linaisha, nikakutana na hilo neno saikodainamiki. Kwa kifupi ni kwamba kuna vitu vinatuendesha ambavyo wenyewe hatuvijui, vingi vya tangu utotoni, na tumejijengea namna za kuvificha, na ukipata mtu wa kukusikiliza kwa utaratibu kila wiki vinaanza kujionyesha, hasa kwenye namna unavyoishi na huyo huyo anayekusikiliza. Ilianzia Vienna, kuna dada alitibiwa na Daktari Josef Breuer kati ya 1880 na 1882, yeye ndo aliyeiita tiba ya maongezi, na kwa utani akaiita kufagia dohani. Hiyo ilinikaa maana nililelewa na bibi mwenye jiko la kuni na nayajua masizi. Freud akaja kuijenga juu ya hapo. Na kwa vile mimi mhasibu nilitaka risiti, nikakuta makala ya Jonathan Shedler ya 2010 kwenye American Psychologist, kakusanya tafiti za watu na kuonyesha tiba hii inafanya kazi, na nafuu inaendelea kukua hata ukishamaliza. Sawa. Sasa huyo mtu Dodoma yuko wapi?

Nilitafuta karibu miezi miwili. Unampigia mtu anasema nafanya zote, ukimuuliza ya ndoa anafanya, ya biashara anafanya, saikodainamiki nayo anafanya. Mwisho rafiki niliyesoma naye chuo ndo akanipa namba ya dada mmoja, na huyo nilimpiga maswali kwenye simu kama namfanyia ukaguzi. Umesomea wapi, akasema Nairobi. Nani anakusimamia, akasema ana mwalimu wake anayempitishia kazi kila mwezi bila kutaja majina ya wateja. Wewe mwenyewe umewahi kukaa kiti cha mteja, akasema miaka minne. Hakukasirika hata kidogo. Kidokezo kwa anayetafuta: akikasirika, kata simu.

Bei elfu sitini kwa sesheni, nikalia lia ikawa hamsini. Kila Jumanne saa kumi na moja jioni, sisi wa Mtumba, kule mji wa serikali, tunatoka saa tisa na nusu kwa hiyo nawahi. Dakika hamsini, siyo hamsini na tano. Usipotokea bila taarifa ya siku mbili unalipa vile vile. Laki mbili kwa mwezi ndugu zangu, na miezi mingine Jumanne zinakuwa tano.

Chumba kipo Ilazo, cha mbele kwenye nyumba ya kupanga, feni, boksi la tishu, viti viwili vimewekwa kimshazari ili msikodoleane macho. Hakuna kile kitanda cha mteja kulala huku anaongea. Cha Freud kipo London mpaka leo, kwenye nyumba aliyokimbilia 1938 akiwakwepa Wanazi, na cha kulala hivyo ni cha wanaokwenda mara tatu nne mpaka tano kwa wiki, mshahara wangu haufiki huko. Siku ya kwanza nilimwita dokta, akasema mimi siyo daktari, na dawa sitoi.

Sesheni tatu za mwanzo ni maswali, nani kakulea, misiba, magonjwa, ndoto unazoota. Ya nne akasema "anza popote" akanyamaza. Nikaongea bosi, nikaongea vumbi la Dodoma, nikaishiwa. Kimya. Feni inazunguka, kuku wa jirani wanaparua nje. Akasema, naona ukimya unakukera, unakukumbusha nini? Nikamjibu haunikumbushi kitu dada, unanikumbusha elfu hamsini yangu. Akatabasamu ila hakunirudishia.

Ndo hivyo, ushauri hatoi. Anasikiliza na anakumbuka, hilo ndo linatisha, unasema kitu mwezi wa pili anakurudishia mwezi wa sita na maneno yako mwenyewe. Na alikuwa anadaka kucheka kwangu. Mimi nikisema jambo la kuumiza nacheka, sikuwahi kujua.

Kwa mfano hii. Nilipokuwa na miaka sita mama alinipeleka Mpwapwa kwa bibi. Asubuhi akaniambia "naenda dukani kununua sukari, nakuja sasa hivi", akapanda basi la Dar. Nikakaa kwenye jiwe pale nje namsubiri na sukari mpaka kuku wanaingia bandani. Nikamuona tena baada ya mwaka. Hii stori naisimulia kama komedi miaka zaidi ya thelathini, nimeisimulia mpaka kwenye harusi yangu, watu walikufa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Nikajisikia vibaya kama mchekeshaji aliyebuma, nikabadilisha mada.

Mwezi wa nane akasema anasafiri wiki tatu, aliniambia mwezi mzima kabla. Nikasema poa, safari njema. Aliporudi mimi sikwenda. Nikasema nina kikao, wiki iliyofuata nikasema nina mafua, na nikaanza kupiga hesabu hii hela si ningeshanunua mifuko mingapi ya saruji, yaani nikawa nishaachana naye kichwani. Akatuma meseji moja tu: "Jumanne nafasi yako ipo kama kawaida." Nikaenda nimenuna. Akaniuliza ilikuwaje yeye alipokuwa hayupo, nikasema kawaida tu, nyie watu mnasafiri mnavyotaka sisi tunabaki.

Akasema, "Mnasafiri. Wewe na nani mnabaki, na mimi na nani tunasafiri?"

Kifua kikabana pale pale, Jumanne, saa kumi na moja na robo. Nikasema mama. Halafu kabla sijajipanga nikajisikia naendelea kuongea, kwamba Jumapili pale Tabata mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita na akiniona na begi analia, kwa hiyo huwa naliweka begi kwa jirani mapema, namwambia baba anaenda dukani mara moja, nakuja sasa hivi.

Therapisti hakusema kitu. Hakuwa na haja ya kusema. Sitaeleza kilichofuata ila lile boksi la tishu halikuwekwa pale kama pambo.

Hicho ndo wanaita kuhamisha hisia, yaani hasira ya mtu wa zamani unamtupia aliye mbele yako, na kwenye tiba nyingine ingekuwa usumbufu lakini kwenye hii ndo malighafi yenyewe. Jumapili ile nilimwambia mtoto ukweli, baba anaenda Dodoma, anarudi Ijumaa. Alilia mpaka akanikojolea suruali. Kwenye treni kifua kilibana, ila safari hii nilijua kinabana kwa sababu gani, na nililala saa tano usiku.

Yaliyonikera sasa. Ni taratibu mno, na kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano nilikuwa mbaya kuliko nilivyoanza, ndoto za ajabu, hasira kwa kila mtu, angenitahadharisha zaidi. Mambo ya kufanya kwa video ukiwa safari ya kazi usitegemee, nilijaribu nikiwa Kondoa mtandao ukakata nikiwa katikati ya kulia. Mke naye alinuna, na nilimwelewa, "yaani mwanamke mwingine unamweleza ambayo mimi miaka kumi na mbili hujanieleza?" Sikuwa na jibu, nikamweleza ya sukari, bila kuchekesha. Alishaisikia harusini. Akasema "kumbe".

Halafu Dodoma ni ndogo. Therapisti alishaniambia mapema kwamba tukikutana njiani hatanisalimia mpaka nianze mimi, kulinda siri yangu. Jumamosi moja niko soko la Majengo namuona huyo anabishana bei ya nyanya kama binadamu wa kawaida, nikajificha nyuma ya meza ya mama muuza mlenda, mtu mzima na kitambi chake, mama ananiuliza baba unanunua au unajificha? Nikanunua mlenda ambao sijui kuupika. Jumanne tukatumia dakika hamsini nzima kujadili kwa nini nilijificha, na nikalipa.

Ningeirudia? Ndiyo, na ningeanza kuweka hela pembeni mapema. Mtu anayetaka kuambiwa fanya hiki acha hiki atamchukia ndani ya wiki mbili, huyo aende tu kwa mshauri nasaha, na wapo wazuri. Mama sijamuuliza bado. Nikienda kwake ananikorogea chai sukari vijiko vitatu, daktari keshanikataza, nakunywa yote.

Na therapisti tumekubaliana kumaliza mwezi wa pili. Tarehe tumeipanga miezi mitatu kabla, mimi nilitaka tumalize tu kwa simu siku yoyote, akakataa, akasema tutaagana wote tukiwa kwenye viti. Kwa hiyo Jumanne saa kumi na moja jioni itakuwa wazi.