Mpelelezi Anaingiaje Jikoni? Riwaya za Mauaji za Enzi ya Kina George, Ipi Ununue Kwanza

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa nimeinama kwenye vitabu vya mitumba pale Tom Mboya Street, Nairobi, nikaona Why Kings Confess ya C.S. Harris, jalada safi, shilingi 200. Nikalipa bila kuuliza. Kumbe ni kitabu cha tisa katika mfululizo, na sikufika mbali kabla ya kujua shujaa amemwoa nani, jambo ambalo vitabu vya nyuma vinalipika polepole kwa moto wa makaa. Tena majina ya mfululizo huo yote huanza na What, When, Where, Why au Who, kwa hiyo jalada peke yake halikwambii kipi kimetangulia kipi. Tazama mwaka wa kuchapishwa ndipo utoe pesa.

Enzi yenyewe ni ya wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Ndani yake mna miaka tisa inayopendwa mno na waandishi, 1811 hadi 1820, George III alipokuwa amerukwa na akili na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Kwa sisi wapenzi wa upelelezi, utamu uko hapa: London haikuwa na jeshi la polisi hadi 1829. Kulikuwa na walinzi wa usiku, na kikosi kidogo cha wakamata wahalifu cha Bow Street kilichoanzishwa na hakimu Henry Fielding mwaka 1749. Huko mashambani, hakimu alikuwa mwenye ardhi wa palepale, asiyelipwa mshahara, na huenda juzi tu alikula chakula cha usiku na mshukiwa. Ndiyo maana muungwana akianza kuulizauliza watu maswali, msomaji hashangai.

Lakini sebuleni kila mpelelezi wa riwaya hizi huingia bila taabu, kwa jina lake na koti lake. Mimi hutaka kujua anaingiaje jikoni. Siri za jumba zinajulikana na anayetandika vitanda na kumwaga vyombo vya haja kila asubuhi. Mwandishi asiyemtafutia mpelelezi wake njia ya kuwafikia watu hao anakuuzia maelezo ya magauni tu.

Kwa kipimo hicho, kama una pesa ya kitabu kimoja, nunua Cut to the Quick ya Kate Ross, cha 1993. Julian Kestrel ni mtanashati wa London wa miaka ya 1820, kijana anayeigwa na mji mzima kwa namna anavyofunga tai. Anaalikwa Bellegarde, jumba la ukoo wa Fontclair, awe mpambe wa bwana harusi ambaye hata hajuani naye sana. Ndoa yenyewe ina harufu: ukoo huu wenye majivuno unaozeshwa binti wa mfanyabiashara, na hakuna anayetaka kusema kwa nini. Siku moja Kestrel anarudi chumbani kwake na kukuta maiti ya msichana kitandani mwake. Hamjui. Wenyeji nao wanasema hawamjui. Sasa tazama Ross alivyokaza fundo: hakimu wa eneo hilo ni Sir Robert, mwenye nyumba, ambaye itabidi awapeleleze mkewe, wanawe na ndugu zake, na mtu rahisi zaidi wa kubebeshwa lawama ni Dipper, mtumishi wa Kestrel, aliyekuwa mchomoaji wa mifukoni kabla ya kuajiriwa. Dipper huyo ndiye mlango wa jikoni. Anakaa na wajakazi, anasikia yasiyosemwa mezani, na uhusiano wake na bwana wake una mzaha na heshima ambayo sijaiona ikiandikwa vizuri hivyo kwingine. Jambo jingine la mfukoni: Ross alifariki mwaka 1998 akiwa ameandika vitabu vinne tu vya Kestrel. Utavimaliza vyote bila kufilisika.

Cha pili ni What Angels Fear cha 2005, kitabu cha kwanza cha mfululizo ule wa C.S. Harris, hicho ambacho ningepaswa kuanza nacho. Januari 1811, siku chache kabla mwana wa mfalme hajakabidhiwa madaraka, mwigizaji wa kike anakutwa amechinjwa kanisani karibu na Westminster Abbey, na bastola iliyopatikana pale inamwelekea Sebastian St. Cyr, mwana wa kabaila mkubwa. Anakimbia, anavaa matambara, analala vichochoroni. Kwa hiyo hana haja ya kutafuta njia ya kwenda kwa walalahoi, ametupwa huko. Msaidizi wake ni chokoraa aitwaye Tom, na maiti hupasuliwa na Gibson, daktari wa Kiayalandi mwenye mguu mmoja. Mwendo ni wa kasi. Nikuonye: mauaji ni ya kinyama, na vitabu vimekwisha kufika ishirini, maana yake ukinasa umenasa.

Blood & Sugar ya Laura Shepherd-Robinson, 2019, nimekiweka cha tatu, na kila nikiipanga orodha hii mkono unaniwasha nikipandishe. Ni mwaka 1781. Wakili anayepinga utumwa anakutwa ananing'inia kwenye gati la Deptford, mji wa bandari karibu na London, mwili umepigwa chapa ya moto kama walivyopigwa watumwa. Rafiki yake, Kapteni Harry Corsham, aliyekuwa akijiandaa kuingia Bungeni, anakwenda kuuliza, na mji mzima unamfungia mlango kwa sababu mji mzima unakula kwa biashara hiyo. Sisi tuliozoea kuisoma biashara ya watumwa kwa upande wa Bagamoyo na Unguja, hapa tunaiona ikitokea Atlantiki na kuishia kwenye kijiko cha sukari cha mama mwenye glavu nyeupe. Sababu ya kukiweka chini ya vile viwili ni moja tu: hakiburudishi. Usikinunue kwa ajili ya safari ya basi.

Kwa basi chukua Murder on Black Swan Lane ya Andrea Penrose, 2017. Lodi Wrexford, mwanasayansi mwenye ulimi mkali, anashukiwa kumuua mchungaji waliyekuwa wakitukanana hadharani. Charlotte Sloane ni mjane anayejipatia riziki kwa kuchora katuni za kuwakejeli wakubwa, kwa jina la kiume la kubuni, na habari zake huletewa na watoto wawili wa mtaani, Raven na Hawk. Ukishapenda watoto hao utasamehe mengine.

Ukimnunulia kijana wa sekondari, Blind Justice ya Bruce Alexander, 1994, inamtosha. Msimulizi ni yatima wa miaka kumi na mitatu, na mpelelezi ni John Fielding, hakimu kipofu aliyeishi kweli, ndugu wa Henry yule wa Bow Street kwa baba.

Jane and the Unpleasantness at Scargrave Manor ya Stephanie Barron, 1996, inamfanya Jane Austen mwenyewe, mwandishi wa Pride and Prejudice, kuwa mpelelezi. Inaanza Desemba 1802, mwezi uleule ambao Austen wa kweli alikubali posa jioni na kuikataa asubuhi yake. Mfululizo una vitabu 15 na umefungwa mwaka 2023. Lugha ni ya madaha, jikoni hatuingii sana.

Wa mwisho kwangu ni Death Comes to Pemberley ya P.D. James, 2011, ingawa ndicho utakachokipata kwa urahisi kuliko vyote. Jina la mwandishi ni kubwa na mwanzo ni mzuri: gari la farasi linakuja mbio usiku, mwanamke ndani anapiga mayowe. Kisha watu wanakaa, wanahojiana kwa adabu, na wanakaa tena. Wahusika ni walewale wa Pride and Prejudice: kama hujaisoma utapotea, na kama umeisoma utawakumbuka watu hao walivyokuwa wachangamfu. Nilikinunua kipya, kwa bei kamili ya dukani.