Usinunue Gari Usiloweza Kulipapasa Gizani

Gari langu la mwisho nililinunua kwa macho, nikaja kulijutia kwa vidole.

Lilikuwa jipya, au tuseme jipya kwangu, na kampuni iliyolitengeneza siitaji kwa sababu sitaki ugomvi na mtu. Muuzaji alifungua mlango, skrini ikawaka, pana kama sinia, nami nikayeyuka. Kwenye dashibodi hapakuwa na kitufe hata kimoja. Nikasema moyoni, haya ndiyo maendeleo.

Wiki ya tatu nikaendesha usiku, mvua inamwagika, tumo watano ndani tunapumua, kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu. Gari langu la zamani lilikuwa na kitufe chenye alama ya kioo na vimshale vinavyopanda. Nilikuwa nakibonyeza huku gumzo linaendelea. Hili jipya lilinitaka niguse alama ya feni pembeni mwa skrini, nisubiri ukurasa ufunguke, kisha nikitafute kioo cha mbele katikati ya vipicha sita vinavyofanana kama mapacha. Nikanyoosha kidole, gari likaingia shimoni, kidole kikaruka. Badala ya kupeleka hewa kwenye kioo, nikawa nimewasha joto la kiti cha abiria. Aliyekikalia ni mama mkwe.

"Mwanangu," akasema baada ya dakika mbili hivi, kwa upole wake wote, "hapa chini mbona panaungua?"

Kioo nilikifuta kwa kiganja.

Tangu siku hiyo kila mwenye gari ninayekutana naye namuuliza swali moja: ukitaka kuondoa ukungu kwenye kioo, mkono wako unakwenda wapi? Ulaji wa mafuta, nguvu za injini na ukubwa wa buti utayasikia kwa kila mtu, pamoja na shemeji yako asiye na leseni. Humu sitayagusa. Magari nimeyapanga kwa kipimo kimoja tu: je, vitu vya lazima unavipata kwa kupapasa, macho yakiwa barabarani?

Usidhani nakuza jambo dogo. Ukienda kilomita 100 kwa saa, gari linakula takriban mita 28 kila sekunde. Mwaka 2022 jarida moja la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima muda ambao dereva anautumia kufanya kazi nne za kawaida kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa: mambo kama kuongeza joto na kuondoa ukungu, kutafuta stesheni ya redio, kupunguza mwanga wa dashibodi. Madereva walipewa muda wa kuyazoea magari kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Volvo V70 ya mwaka 2005, babu kizee mwenye vitufe vyake, ilimaliza kwa sekunde 10. MG Marvel R, mpya na skrini yake kubwa, ilichukua sekunde 44.6. Kwa mwendo huo ni zaidi ya kilomita moja na robo huku dereva akisoma menyu.

Na ukitaka kujua vitufe vilikwenda wapi, sababu ni mbili. Kuanzia Mei 2018 sheria ya Marekani ilitaka kila gari dogo jipya liwe na kamera ya nyuma, na kamera inataka skrini. Skrini ikishakuwepo, mhasibu wa kiwanda anajiuliza: kwa nini tuendelee kulipia vitufe thelathini, kila kimoja na plastiki yake, waya wake na taa yake ndogo, wakati vyote vinaweza kuchorwa? Wakavichora. Gharama kiwandani ikapungua, na sisi wanunuzi tukaambiwa hiyo ni anasa, tulipe zaidi. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Sasa tuingie kwenye magari.

1. Mazda3 na CX-30, matoleo ya kuanzia 2019. Ndiyo, mimi ni mtu wa Mazda, na sijifichi. Wakati wenzao wanashindana kwa ukubwa wa skrini, hawa waliiweka yao mbali, juu ya dashibodi karibu na kioo, wala hawakutaka uiguse. Chini, pale mkono wa dereva unapotua wenyewe pembeni mwa gea, wakaweka swichi nene ya kuzungusha yenye vitufe vichache vya kuizunguka, na kando yake swichi ndogo ya sauti. Wahandisi wao walieleza kwamba dereva akijinyoosha kugusa skrini, mkono mwingine unauvuta usukani bila yeye kujua na gari linaanza kuhama njia. Mimi nimeona hivyo hivyo kwa mume wangu, tena zaidi ya mara moja.

Joto na feni vina safu yao chini ya matundu ya hewa: swichi ya kuzungusha huku na huku, vitufe katikati, na kila kimoja kinajibu kwa "tk" ndogo. Niliazima CX-30 ya rafiki yangu siku mbili. Siku ya kwanza jioni nilikuwa tayari naondoa ukungu bila kutazama, kidole kinahesabu tu kutoka pembeni: moja, mbili, hapo. Rafiki yangu analalamika kwamba ukiunganisha simu, kuzunguka kwenye ramani kwa swichi ile ni kama kumlisha mtoto asiye na njaa. Ni kweli. Wenye Mazda3 ya mlango wa nyuma watakuambia pia kwamba nguzo za nyuma ni nene, ukirudi nyuma unaona nusu ya dunia. Nalo ni kweli. Lakini ramani unaipanga kabla hujaondoka, na ukungu haupangi miadi na mtu.

2. Honda Civic ya kuanzia kizazi cha 2022, na Jazz ya 2020. Honda naiheshimu kwa sababu ilikosea, ikakiri. Civic ya 2016 ilikuja bila swichi ya sauti, lazima uguse skrini au vitufe vya usukani. Wateja wakapiga kelele, na kufikia toleo la 2019 swichi ikarudi. Jazz nayo: toleo la zamani lilikuwa na kioo cha kugusa cha kuendeshea kiyoyozi, hili la 2020 likarudishiwa swichi za kuzungusha. Na zile swichi tatu za hewa kwenye Civic mpya, ukizizungusha zinatoa mlio mtamu hadi abiria wanaomba wajaribu. Dereva mmoja wa teksi za mtandaoni aliniambia kilichomfanya achague Civic ni kwamba mikono yake inafanya kazi macho yakiwa yanatafuta abiria. Amenizidi kwa maelezo.

Kwa nini basi haikushika namba moja? Kwa sababu redio na mengine bado yamo skrinini. Na kwa sababu mwandishi ni mimi.

3. Toyota RAV4 ya 2019 na Corolla ya miaka hiyo hiyo. RAV4 ina swichi mbili za joto kubwa kama vifuniko vya chupa, zimezungushiwa mpira, unaweza kuzishika hata umevaa glavu za kazi. Hazina urembo, na hazihitaji. Wamiliki wa Corolla nimewauliza wengi, na jibu lao kuhusu kuondoa ukungu ni lile lile: "Si unabonyeza tu?" Wananishangaa kwa nini nauliza. Hiyo kwangu ni sifa kuliko makala kumi za kulisifu gari.

4. Skoda Superb na Kodiaq za 2024. Skoda waliona Octavia yao ya 2020 ilivyowaudhi watu kwa kuficha kiyoyozi skrinini, wakaja na swichi tatu za kuzungusha, kila moja na kiskrini kidogo usoni. Unaibonyeza, inabadilisha kazi: joto, feni, sauti. Ni ujanja mzuri, ila gizani hujui swichi ya katikati sasa hivi ni ya feni au ya sauti mpaka uitazame. Nusu ya tiba.

5. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane na ID.3. Hapa nimewasikia watu wazima wakitukana. Chini ya skrini kuna ukanda wa kuteleza kidole ili kuongeza sauti na joto, na kwenye matoleo ya mwanzo ukanda huo hauna taa. Hebu fikiria: kitu cha kugusa, hakina umbo, hakina mlio, na usiku hakionekani! Ndani ya ID.3 kuna jingine. Mlango wa dereva una swichi mbili tu za vioo badala ya nne. Ukitaka vioo vya nyuma uguse kwanza neno la nyuma, ndipo swichi zile zile zigeuke kazi. Mwenye nalo mmoja aliniambia mwaka mzima umepita na bado anafungua kioo ambacho sicho. Haki yao niwape: Golf iliyorekebishwa mwaka 2024 ina ukanda unaowaka, na vitufe halisi vimerudi usukani. Mwaka 2025 mkuu wa usanifu wao, Andreas Mindt, alitamka hadharani kwamba vitufe vya sauti, joto, feni na taa za hazadi vinarudi kwenye magari yajayo. Ukinunua la miaka ya kati, basi, umenunua kosa lililokwisha kukiriwa.

6. Tesla Model 3. Wenye Tesla wanalipenda gari lao kama mtu anavyopenda mtoto mtundu. Mwendo, utulivu, kutokwenda kituo cha mafuta: sina la kupinga. Lakini hata mwelekeo wa hewa unaubadilisha kwa kuburuta kidole skrinini, na kidroo cha mbele ya abiria kinafunguliwa kwa skrini pia. Mwaka 2020 mahakama moja ya Ujerumani, mjini Karlsruhe, ilikubali kwamba dereva wa Tesla aliyepata ajali mvuani akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini ahesabiwe sawa na aliyekuwa anachezea simu. Faini, na marufuku ya kuendesha mwezi mmoja. Kisha mwishoni mwa 2021 sasisho la programu likahamisha vitu mahali, pamoja na hicho cha kuondoa ukungu. Yaani unalala, unaamka, kitufe kimehama! Model 3 iliyorekebishwa mwaka 2023 ikaja bila hata mkono wa indiketa, ila vitufe usukani. Kwenye mzunguko, usukani umegeuka, kushoto kumekuwa kulia, nenda katafute.

7. Volvo EX30. Gari zuri kwa sura, na moyo unauma kuiweka chini, kwa sababu ile V70 iliyoshinda wote ni ndugu yake. Mbele ya dereva hakuna kitu. Spidi unaisoma kwenye skrini ya katikati, na vioo vya pembeni vinarekebishwa humo humo.

Kwenye magari ya bei ya chini sitakaa sana. Dacia Sandero na Suzuki Swift vina vitufe kwa sababu vitufe havikuwahi kuondolewa. Sandero ile ile ilifanya jaribio la Uswidi kwa sekunde 13 na ushei, ikayaacha mbali magari ya bei mara kadhaa ya yake. Viti vyake sivipendi. Tuendelee.

Ukienda kutazama gari, usimwache muuzaji akuongoze. Wao wana tamthilia yao: wanakuweka ndani mchana kweupe, gari limesimama, wanakuchezea muziki, wanabadilisha rangi ya taa za ndani, zambarau, kijani, zambarau. Wewe omba gari likae kivulini au urudi jioni. Kaa, funga macho, kisha tafuta kwa mkono: hazadi, ukungu, sauti, waipa. Hesabu kimoyomoyo. Ukifika tano hujapata, fungua macho uone uko wapi. Mara nyingi utakuwa umeshika tundu la hewa. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza muuzaji alidhani nasali. Mwingine aliniambia nisijali, gari linaendeshwa kwa kulisemesha. Nikalisemesha. Sijakutana bado na gari linaloelewa Kiswahili, na Kiingereza changu lililisikia kama ombi la kupiga simu kwa mtu nisiyemjua.

Wauzaji hao hao watakuambia vitufe ni mambo ya kale. Waulize basi kwa nini Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameweka kwenye kanuni zao za 2026 kwamba gari lisilo na vidhibiti halisi vya indiketa, hazadi, honi, waipa na wito wa dharura litapoteza alama.

Nina kidonda kimoja kimebaki. Julai 2025 Mazda wangu walionyesha CX-5 mpya. Skrini kubwa kabisa ni ya inchi 15.6, ya kugusa, na ile swichi nene pembeni mwa gea haipo. Watu wale wale waliotufundisha kuhusu usukani unaovutwa! Nilitazama picha zile mara tatu nikidhani wamekosea gari. Kwa hiyo ninaposema nunua Mazda, ninasema nunua hiyo ya 2019 na kuendelea kwa majina niliyoyataja, ambayo swichi unaiona kwa macho yako na kuizungusha. Jina lililo mgongoni mwa gari lisikutoshe.

Langu nimeliuza. Kijana aliyelichukua alikuja na mkewe, akafungua mlango, skrini ikawaka. Nikamwambia, mdogo wangu, kabla hatujaandikiana naomba nikuonyeshe kitu kimoja, mahali pa kuondolea ukungu. Nikaanza: feni, subiri, kipicha cha tatu kutoka kushoto. Alikuwa akiitikia "sawa dada, sawa dada", huku kidole chake kinabadilisha rangi ya taa za ndani.