Kutoa tangi la dizeli ili kufikia mvujo wa nyuma: uzoefu wangu na fundi wa Mtwapa

Kila asubuhi nilikuwa nafua ngama, yaani maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, ndoo mbili. Boti yangu ni ya matanga, ya faiba, futi 31, inaelea kwenye boya katika hori ya Mtwapa, pwani ya Kenya. Maji yenyewe nikiyaonja ni chumvi tupu, kwa hiyo si mvua wala si tangi la maji ya kunywa. Matundu ya chini niliyoweza kuyafikia yote yalikuwa makavu. Likabaki moja tu, la kutolea maji ya sitaha ya nyuma, nalo limejificha shetri kabisa, nyuma ya tangi la dizeli.

Fundi wa kwanza alikuja na grenda mkononi. Alitaka kukata sakafu juu ya tangi, kisha aje azibe kwa faiba, elfu ishirini na tano. Nikamnunulia soda, akaenda zake.

Wa pili, mzee wa miaka sitini hivi, ndiye ninayemsifu hapa (na kumlalamikia kidogo). Alikuja na kamera ya nyoka, ile ya waya mrefu unaochomekwa kwenye simu, akaipenyeza ubavuni mwa tangi. Kamera yenyewe si ya kujivunia: ukikaribia sana picha inakuwa ukungu, na taa yake inamemeteka kwenye faiba iliyolowa hadi huoni kitu. Lakini tuliona tulichotaka. Klipu imeoza, mpira umepasuka, na kila boti ikiyumba maji yanachuruzika.

Siku ya kwanza iliishia kwenye kunyonya dizeli. Tulitia mitungini lita 42, na chini kulikuwa na uchafu mweusi kama lami, unaoota pale maji yanapokaa chini ya mafuta. Paipu na nyaya zote alizifunga selotepu na kuziandika namba. Kisha tangi likagoma kutoka: lilizidi mlango wa stoo kwa upana wa vidole viwili.

"Mwanangu," akaniambia, "hili liliwekwa chombo kikiwa bado wazi. Sitaha ilikuja baadaye."

Hakugusa msumeno. Alilegeza fremu ya msaji ya ule mlango, na gundi iliyoishikilia akaikata kwa uzi wa mshipi, tukivuta huku na huku kama watu wanaopasua mbao. Saa nzima. Fremu ikatoka bila ufa, tangi likafuata.

Hapo ndipo tukakuta ubaya wenyewe. Vali ya lile tundu ilikuwa ya shaba ya njano, ya maduka ya mabomba ya nyumbani. Zinki iliyomo huliwa na maji ya bahari, na kinachobaki ni shaba yenye rangi ya waridi, inayomeguka. Ile yetu alipoigonga kwa mpini wa bisibisi ikaacha unga. Tungekata sakafu na kubadilisha mpira peke yake, boti ingezama siku nyingine.

Vali ikibadilishwa tundu linabaki wazi, kwa hiyo tukangoja bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, tukaiegemeza boti kwenye nguzo maji yakipwa. Kati ya mguu kukanyaga mchanga na maji kurudi hupati muda wa kunywa chai. Tuliweka vali ya bronzi, mpira mpya na klipu mbili kila upande.

Kwa siku tatu za kazi alinitoza 14,000, vifaa mbali. Ni bei ya haki, na ngama sasa ni kavu hata vumbi linaonekana.

Malalamiko mawili. Alirudisha skrubu zile zile zenye kutu, ilhali nilishanunua mpya na zilikuwa mbele ya macho yake. Na pamoja na selotepu zake zote, waya mmoja wa geji aliusahau nyuma ya tangi. Nimeenda Kilifi na kurudi kwa injini, upepo ukiwa umekufa, na kwa mujibu wa geji sijachoma hata tone. Napima kwa kijiti. Kuufikia waya huo, inabidi fremu itoke tena.