Taya tatu, taya nne au koleti? Uzoefu wangu na vishikio vya kazi kwenye mashine ya kukereza

Nianze na jibu, maana wengi huuliza wakiwa tayari dukani na hela mkononi. Kama kazi zako ni za matengenezo, yaani puli, bushi, shafti za pampu na za mashine za kusaga, nunua mapema chaki (kishikio kinachofungwa mbele ya mashine na kubana kazi inayozunguka) ya taya nne zinazojitegemea, yaani kila taya inasogezwa peke yake. Inunue hata kabla hujaanza kuota koleti, vile vishikio vidogo vya mviringo vilivyopasuliwa vinavyobana kazi pande zote. Chaki ya taya tatu utakuwa nayo tu, kwa sababu karibu kila mashine inakuja nayo.

Karakana yangu ipo Morogoro. Mashine ni ya mtumba kutoka Uingereza, na spindo yake (mhimili unaozunguka na kubeba chaki) ni ya aina ya D1-4, inayoshika chaki kwa pini tatu. Ilikuja na chaki moja ya taya tatu iliyochoka kabisa, kwa hiyo vifaa vingine nilinunua kidogo kidogo Gerezani, Dar es Salaam: chaki ya Kichina ya taya tatu ya milimita 160, ya taya nne ya milimita 200, seti ya koleti za ER32 (jina la aina na ukubwa wake) na senta inayozunguka, yaani ncha ya kuegemeza kazi kwa nyuma. Chaki za Kichina zinatambulika kwa namba. K11 ni taya tatu zinazosogea pamoja, K72 ni taya nne ambazo kila moja ina skrubu yake. Kuna na K12, ambayo nayo ina taya nne lakini zinasogea pamoja. Kwenye picha ya simu hizi mbili za mwisho zinafanana, na wauzaji wengine hawatofautishi. Hesabu matundu ya ufunguo na ujaribu mwenyewe: ukizungusha ufunguo na taya moja tu ikasogea, hiyo ndiyo K72.

Ukiwa bado dukani, angalia pia namba zilizogongwa kwenye taya zenyewe. Chaki ya taya tatu huja na seti mbili za taya, za kushikia kwa nje na za kugeuza kwa vipenyo vikubwa, na kila taya ina 1, 2 au 3 pamoja na namba inayolingana na ya mwili wa chaki. Niliyouziwa mara ya kwanza ilikuwa na taya mbili za chaki moja na ya tatu ya chaki nyingine. Muuzaji alisema "zinaingia tu, fundi". Kweli ziliingia, ila chuma kilizunguka kama yai. Baada ya mabishano marefu walibadilisha.

Chaki ya taya tatu ni ya haraka, na haraka ndiyo sifa yake kubwa. Chuma cha mviringo au cha pembe sita kinashikwa kwa sekunde chache na unaanza kukata. Taya zote zinasogea pamoja kwa sababu ndani kuna bamba lenye mfereji uliojiviringisha, na meno ya taya yamekaa kwenye mfereji huo. Ukizitoa kwa ajili ya kusafisha, rudisha kwa mpangilio: zungusha ufunguo hadi mwanzo wa mfereji uonekane kwenye nafasi ya kwanza, urudishe kidogo, uingize taya namba 1, kisha 2, kisha 3. Ukichanganya, hazitakutana katikati.

Ya kwangu niliipima kabla ya kuipa kazi ya mteja. Sina chuma cha kupimia cha kiwandani, natumia fimbo ya shokapu ya gari, ile yenye kromu. Imenyooka, ni ya mviringo wa kweli, na gereji yoyote wanazitupa. Niliibana, nikaweka saa ya mshale (kipimo kinachoonyesha chuma kinavyoyumba) karibu na taya, nikazungusha kwa mkono. Mshale ulicheza 0.07 mm, maana yake kitovu cha kazi kiko nje ya kitovu cha spindo kwa nusu ya hiyo. Nilipoweka fimbo ya kipenyo kingine, namba ikabadilika. Chaki za namna hii ndivyo zilivyo: mfereji hauko sawa sehemu zote, na ukishika kipenyo kilekile miaka yote unalika pale tu. Kwa bei yake nimeridhika.

Sasa hiyo 0.07 inaumiza nani? Ukishika chuma kibichi, ukasawazisha uso, ukakereza nje, ukatoboa na kukata bila kulegeza chaki, haimuumizi mtu. Kila ulichokata kimezungukia kitovu kimoja. Balaa linaanza pale unapoitoa kazi, ukaigeuza na kuishika tena.

Chukua shafti ya mashine ya kusaga yenye viti viwili vya beringi ya 6308. Beringi hiyo ina kipenyo cha ndani cha milimita 40, cha nje 90 na upana 23. Kiti chake kikikerezwa kwa kipimo cha k6, kiwango kinachofanya beringi ikae kwa kubana, kinatakiwa kiwe kati ya 40.002 na 40.018. Uhuru wote ulionao ni maikroni 16, yaani milimita 0.016. Ukikereza kiti kimoja ndani ya taya tatu, ukageuza shafti na kukereza cha pili, kila kiti ukikipima kwa maikromita kitakuambia kiko sawa. Maikromita inapima unene tu, haijui kitovu kiko wapi. Shafti ikifungwa, inapiga, beringi zinachemka, na mteja anarudi akiamini umemuuzia beringi feki.

Shafti za hivyo nazifanya kati ya senta mbili, na hapa vifaa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye chaki ya taya tatu shika kipande cha chuma chakavu, geuza slaidi ya juu (sehemu inayobeba kisu) nyuzi 30, kikereze ncha yenye pembe ya nyuzi 60. Hiyo ndiyo senta yako ya mbele. Ilimradi umeikereza ikiwa imekaa palepale na hujaitoa, imenyooka na spindo hata kama chaki ni mbovu. Nyuma weka senta inayozunguka. Shafti inazungushwa na kishikio kinachobanwa mwilini mwake na kusukumwa na taya ya chaki. Changu ni pete nzito niliyochomelea nati na kuweka boliti. Ukiigeuza shafti mwisho kwa mwisho, inarudi kwenye vitovu vyake vilevile. Kitu cha kukagua ni vile vitundu vya senta kwenye ncha za shafti: kama vimegongwa nyundo au vimejaa kutu, visafishe kwanza.

Jambo moja la kuangalia ni joto. Chuma cha nusu mita kikipanda nyuzi joto 30 kinarefuka karibu milimita 0.18, nacho hakina pa kwenda kwa sababu kimebanwa pande mbili. Kikishapata moto, legeza senta ya nyuma kidogo na uikaze upya. Senta isiyozunguka, ile ngumu, ni bei rahisi na ni sahihi, lakini ipake grisi nyingi na usiikimbize.

Chaki ya taya nne ndiyo niliyoitegemea kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wanayoikimbia. Ubora wake haupo kwenye nguvu ya kubana tu. Inakuacha wewe uchague ni sehemu gani ya kazi izunguke sawa. Nililetewa puli ya chuma cha kasti ambayo tundu lake limelika, mteja anataka lipanuliwe na kuwekwa bushi. Ukingo wa nje wa puli ile ulikuwa umetoka kwenye kalibu ukiwa na mabonde. Ukiipa taya tatu, itafuata ukingo huo mbovu na tundu litakaa pembeni ya mifereji ya mkanda. Kwa taya nne niligusisha saa ya mshale ndani ya mfereji wenyewe, nikaifanya mifereji ndiyo izunguke sawa, ukingo ukabaki unayumba na haudhuru chochote.

Kuisawazisha ni hivi. Kwanza tumia mistari ya duara iliyochorwa usoni mwa chaki kuweka taya karibu na mahali pake. Weka saa ya mshale, leta taya namba 1 mbele yake, soma. Zungusha nusu mzunguko, soma taya namba 3. Tuseme ya kwanza ni 0.40 na ya pili 0.10. Tofauti ni 0.30, nusu yake ni 0.15, hiyo ndiyo kazi inatakiwa isogee. Legeza kidogo taya ya upande wenye namba ndogo, kaza ya upande wenye namba kubwa, mpaka mshale uonyeshe 0.25. Usiguse taya 2 na 4 wakati huo. Ukimaliza jozi ya kwanza nenda ya pili, halafu rudi tena ya kwanza, maana itakuwa imehama kidogo. Wanaoanza hukwama kwa sababu wanakaza taya yoyote inayoonekana ya juu, wanazunguka nazo zote nne mpaka wanakata tamaa. Fanya jozi kwa jozi. Ukiwa na funguo mbili, moja kila upande, unalegeza na kukaza kwa wakati mmoja huku macho yako yako kwenye mshale. Ufunguo wa pili nilichongesha na ndio uliobadilisha mwendo wangu kabisa. Kijana wangu sasa anaweka kazi ndani ya 0.02 kabla chai haijapoa.

Kasoro zake zipo. Ni nzito, kwa hiyo tengeneza kitako cha mbao cha kulaza juu ya reli wakati wa kuifunga na kuifungua. Kinaokoa reli na kinaokoa vidole. Kwenye D1-4, ukikaza kamu zinazovuta pini hakikisha alama ya kila kamu imesimama kati ya saa 3 na saa 6 ya uso wa saa ya ukutani. Ikipita hapo, pini inahitaji kurekebishwa. Na skrubu za taya hujaa chenga za chuma cha kasti, zisafishe kwa brashi, usipulize kwa upepo wa kompresa.

Koleti za ER32 ni nzuri, ila kwangu zinalala sana kwenye droo. Zinashika mpaka milimita 20 tu, na kila moja inabana kama milimita 1 chini ya kipimo chake. Kwa pini, boliti na vitu vidogo vyenye uso uliosafishwa ni tamu: hazikwaruzi, na kazi inarudi karibu na pale ilipokuwa. Ila koleti iingize kwenye nati kwanza mpaka ilie "tak", ndipo nati ifungwe. Ukiiweka kwenye tundu peke yake na kufuatisha nati, inakaa upande na hutaelewa kwa nini kazi inayumba. Kipande kifupi kinachoshikwa na mdomo tu wa koleti nacho kinainama. Anayetengeneza vipuri vidogo kwa wingi azinunue mapema, sisi wa puli na shafti tusubiri.

Bamba la uso, lile bapa lenye mianya ya boliti linalofungwa badala ya chaki, sijalitumia vya kutosha kulisema sana. Ni la vitu vya ajabu visivyoshikika kwa taya, na lazima ufunge uzito upande wa pili, la sivyo mashine nzima inatetemeka.

Urefu wa chuma kinachochomoza bila senta nyuma usizidi mara tatu ya kipenyo chake. Kikizidi hapo, kisu kinakisukuma na utapata mwisho mnene kuliko mwanzo. Bushi nyembamba usizibane sana kwa taya tatu: utatoboa tundu la duara safi, ukilegeza linageuka kuwa na pembe tatu. Weka pete iliyopasuliwa kuizunguka.

Ufunguo wa chaki ukiwa kwenye chaki, mkono uwe juu yake. Kwangu hiyo haina mjadala, na kijana akiuacha anapumzika siku nzima. Glavu hapana, mikono mirefu ya shati hapana. Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono mzunguko mmoja kamili uone kama taya zinapita bila kugusa kisu wala slaidi. Kasi ya juu imegongwa usoni mwa chaki, usiipite.

Kama unanunua K11 leo, ulizia ile ya taya za vipande viwili. Ya kwangu ni ya kipande kimoja na inafanya kazi vizuri, lakini kwenye ile nyingine unaweza kufungua kipande cha juu, ukafunga taya laini na kuzikereza kwa kipenyo cha kazi uliyonayo. Kazi ya kurudiarudia inashikwa bila alama, na ile 0.07 inapungua sana bila kununua koleti.