Mbwa wa Kununua: Nani wa Kwanza, Nani wa Mwisho

Wengi huchagua mbwa kwa manyoya na rangi ya macho. Miezi sita baadaye mbwa yuleyule anatafutiwa mtu wa kumchukua, eti mkorofi. Mara nyingi si mkorofi, hana kazi. Kila aina ya mbwa ilifugwa na watu wa mahali fulani kutatua shida yao, na ile kazi bado imo damuni. Kwa hiyo nimepanga hawa kwa swali moja: kazi aliyozaliwa nayo ataifanyia wapi nyumbani kwako?

Wa kwanza ni chotara wa kienyeji aliyekwisha kukua. Najua si jibu ulilolitarajia. Lakini unamwona alivyo: ukubwa wake, ukali wake, kama anavumilia watoto na kuku. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu.

Wa pili ni Labrador. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisha Waingereza wakamtumia kuokota ndege waliopigwa risasi. Ndiyo maana kila kitu anakitia mdomoni, na ndiyo maana anafundishika hata kuongoza vipofu. Hashibi, basi mpimie chakula. Ulinzi usimtegemee, mwizi atamchezeshea mkia.

Wa tatu ni German Shepherd, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mjerumani Max von Stephanitz alipoanza kumsajili mwaka 1899, mbwa huyu alikuwa wa kondoo wa malisho yasiyo na uzio: kutwa kucha anatembea mpakani, kondoo wasivuke kwenda shamba la jirani. Tabia hiyohiyo ya kuzunguka mpaka ndiyo inayomfanya mlinzi hodari, na ndiyo inayomtia wazimu ukimfunga mnyororo. Nyonga zake ndizo ugonjwa wake. Omba picha za eksirei za wazazi, na ukimwona ameinamia nyuma kama anataka kukaa, mwache.

Kangal wa Uturuki nampa nafasi ya nne, ila kwa mwenye mbuzi au kondoo ndiye wa kwanza. Yeye haswagi mifugo. Hukulia ndani ya zizi, akawaona mbuzi ni ndugu zake, na chui au duma akija anasimama katikati. Nchini Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa jamii hii tangu 1994. Mbuzi wanapona, na duma hawapigwi risasi. Kwenye ua mdogo ni balaa: anaamua mwenyewe bila kungoja amri, na usiku anabweka kwelikweli.

Border Collie bila kondoo atachunga watoto na baiskeli. Pita.

Wa mwisho ni Husky. Alizaliwa kuvuta sleji kwenye theluji ya Siberia, ana manyoya ya tabaka mbili, na mgeni kwake ni rafiki. Penye joto, kumnunua ni kumtesa.

Ukisisitiza kununua mtoto, asiwe chini ya wiki nane, awe na kadi ya chanjo, na ile ya kichaa cha mbwa uiulizie akifika wiki kumi na mbili. Halafu mwone mama yake kwa macho yako, anavyompokea mgeni. Muuzaji akitaka mkutane barabarani, mtoto yumo ndani ya boksi, usiende.