Uzoefu wangu na Die Datenschleuder, kijarida cha wadukuzi kilichotoka na alama ya kidole ya waziri

Wakuu salaam. Nimekaa na hiki kijarida toka mwezi wa kumi mwaka jana, nimesoma matoleo kumi na kitu, mapya na ya zamani, naona saivi naweza kusema kitu. Kinaitwa Die Datenschleuder, kinatolewa na Chaos Computer Club, ile jumuiya ya wadukuzi wa Ujerumani iliyoanzishwa Berlin mwaka 1981, na jina lake ukilileta kwetu ni kama Kombeo la Data, yaani unaweka data kwenye kombeo unazungusha unairusha mbali.

Mimi nilikuwa fundi simu Kariakoo miaka sita, saivi niko Hamburg nafanya mafunzo ya ufundi wa elektroniki, yale ya miaka mitatu na nusu. Mwenzangu wa darasani ndo alinipeleka hakaspesi kwa mara ya kwanza. Kwa asiyejua, hakaspesi ni ukumbi ambao wanachama wenyewe wanachanga kila mwezi, wanalipa kodi na umeme, alafu ndani kuna meza za kuchomelea, printa za 3D, kompyuta za zamani zimefunguliwa matumbo, na mtu yeyote anaingia siku ya wazi anakaa anatengeneza chake, ukikwama unauliza wa pembeni. Hakuna bosi, hakuna mwalimu. Nilijisikia kama niko kwenye meza yetu ya Kariakoo tofauti ni baridi tu.

Karibu na friji ya Club-Mate (ile soda ya majani wanayokunywa wadukuzi wa huku usiku kucha) kulikuwa na rafu imejaa hivi vijarida. Mzee mmoja mwenye mvi, kwetu ningemwamkia shikamoo ila pale kila mtu anaitana kwa jina la utani, akachomoa toleo namba 92 la mwaka 2008 akaniambia lifungue taratibu. Ndani kuna alama ya kidole. Ya mtu kweli. Ya Wolfgang Schäuble, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani na ndo alikuwa mstari wa mbele kutaka alama za vidole ziingie kwenye pasipoti za watu, na pasipoti za Ujerumani zilianza kubeba vidole mwezi wa 11 mwaka 2007. Sasa hawa jamaa walipata glasi ambayo waziri aliinywea maji kwenye mkutano wa watu wote, wakachukua alama ya kidole iliyobaki juu ya glasi, wakaichapisha kwenye kijarida na wakaweka na kikaratasi chembamba cha plastiki chenye alama hiyo hiyo ambacho unaweza ukakivaa kwenye kidole chako. Nakala kama 4,000.

Nilikishika kile kijarida nikanyamaza kimya.

Ngoja nieleze kwa nini. Mnakumbuka ule usajili wa laini kwa alama za vidole kwetu, ulioanza mwezi wa tano 2019 ikasemwa mwisho 31 Desemba alafu ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020? Mimi nilisajili kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli, siwezi kumtaja wala kampuni yake, akaniambia weka kidole, nikaweka, akasema mashine haijasoma weka tena, nikaweka, haijasoma tena, nikaweka ya tatu. Nikaondoka. Baada ya miezi kadhaa nikapiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu nakuta namba mbili siwajui wenyewe. Nilihangaika mpaka zikafungwa, lakini mpaka leo sijui zilifanya nini kipindi zinatembea kwa jina langu. Na muda wote huo nilikuwa naamini tatizo ni yule wakala tu, kwamba ni mtu mbaya, basi. Kile kijarida ndo kilinionyesha tatizo lenyewe lilipo: kidole siyo siri. Unakiacha kila unapogusa, huwezi kukibadilisha kama nywila, na anayekichukua si lazima akuombe.

Alafu nikaanza kufikiria kazi yangu. Miaka sita nimefuta vioo vya simu kwa kitambaa na spiriti, sijui vingapi, na kila kioo kilikuja mezani kimejaa vidole vya mwenye simu, juu ya simu ile ile inayofunguliwa kwa kidole hicho hicho. Nimewaambia wateja wengi sana "weka kidole bosi, hiyo haiibiwi". Kumbe mwezi wa 9 mwaka 2013, iPhone 5s yenye Touch ID (ile ya kufungua simu kwa kidole) haijamaliza hata wiki sokoni, hawa hawa Chaos Computer Club walikuwa wameshaifungua kwa kidole bandia kilichotengenezwa kutokana na alama iliyoachwa kwenye kioo. Aliyefanya anajulikana kwa jina la starbug, na mwisho wa 2014 kwenye mkutano wao akaonyesha kidole gumba cha waziri mwingine, Ursula von der Leyen, alichokipata kwenye picha tu, picha za kamera! Hayo mimi nilikuwa siyajui na nilikuwa natoa ushauri kwa watu. Inaniuma mpaka leo.

Basi baada ya hapo nikawa kila wiki nabeba toleo moja nyumbani. Kijarida kilianza 1984, na kwenye jalada wanajiita jarida la kitaalamu la wasafiri wa data, na kweli ukisoma yale ya mwanzo unasafiri, ni kurasa chache zimepigwa taipureta na kubandikwa kwa mkono, maandishi yamejazana mpaka pembeni, michoro ya saketi imechorwa kwa kalamu. Mwaka huo huo 1984 ndo walifanya lile tukio la Btx, ile huduma ya posta ya Ujerumani ya kusoma kurasa kwenye TV kupitia simu. Walikuwa wamewaambia posta mfumo una matundu, hawakusikilizwa, wakatumia nywila ya benki moja ya akiba hapa Hamburg, wakaifanya benki ifungue ukurasa wao wa kulipia usiku kucha, kila ukifunguliwa ni mark 9.97 (hela ya Ujerumani ya wakati huo), mpaka asubuhi zikafika karibu mark 135,000. Wakaita waandishi wa habari wakaeleza kila kitu na hela hawakuichukua. Kuna watu watasema huo ni wizi tu umepambwa, mimi sikubali, mwizi haiti waandishi.

Ila kilichonigusa zaidi kama fundi ni ile modemu yao ya miaka hiyo (kifaa cha kupitisha data za kompyuta kwenye simu) wanaiita choo cha data. Posta ndo ilikuwa na mamlaka yote ya simu, kuunganisha modemu ambayo haijaidhinishwa ilikuwa kosa la jinai, na zilizoidhinishwa bei hazishikiki. Jamaa wakagundua zile mpira za bomba la choo zinaingia sawasawa kwenye mkono wa simu wa kizamani, ule wa kusikilizia na wa kuongelea, wakajenga modemu juu ya hizo mpira za dukani na mwaka 1985 wakachapisha maelekezo yote hadharani, kila mtu ajitengenezee. Hii ni akili ya Kariakoo kabisa wakuu! Unaangalia kilichopo dukani unauliza kinaingia wapi. Tofauti ni kwamba sisi ujanja wetu tunauficha ili wa meza ya pembeni asiupate, wao wanauandika. Nilipokuwa najifunza, kaka aliyenifundisha kazi alikuwa ananigeuzia mgongo akiwa anachomelea IC fulani (kile kichipu cha kwenye saketi), na simlaumu, ndo ilikuwa ugali wake.

Sasa nisiwadanganye, kusoma hiki kitu ni kazi. Ni Kijerumani, tena siyo kile cha darasani, kimejaa maneno ya ndani ya jumuiya na utani wa miaka arobaini, mimi Kijerumani changu ni B1, yaani cha kati tu, na makala moja ya kurasa tatu inanichukua jioni mbili na kamusi. Zile za sheria na siasa za data ndo ngumu zaidi, sentensi moja inashuka mpaka chini ya ukurasa. Ukitaka kitu cha kujifunza hatua kwa hatua, kwamba leo programu hii kesho ile, siyo hapa. Na hakina ratiba, kinatoka kikiwa tayari, kwa sababu wanaoandika ni watu wa kujitolea wana kazi zao. Wanachama wanatumiwa, ila usipate shida, matoleo ya zamani yako kwenye tovuti yao PDF bure kabisa. Ya miaka ya themanini usiyasomee kwenye simu ndogo, macho yatauma, tafuta kompyuta.

Nyota nakipa nne kwa tano, na ile moja ni lugha tu. Mwenye Kijerumani kizuri ni tano bila kufikiria.

Kitu kingine ambacho sikukitarajia, hiki kijarida kimenifanya na mimi niandike. Hakaspesi yetu ina kijarida chake kidogo, siyo Datenschleuder, ni cha pale pale tu, kila anayetaka anapewa ukurasa mmoja anajaza anachokijua. Karatasi nne za A4 unachapa pande zote unakunja katikati unapata kurasa 16, na jioni ya kukunja ndo tamu, watu kumi meza moja, mwingine anapanga, mwingine anakunja na mgongo wa kijiko ili mkunjo ukae, mwingine anapiga pini na ile stepla ya mkono mrefu. Kwa mara ya kwanza nilipanga vibaya, sikujua kama karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 1 na wa 16 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili, tukafungua nakala thelathini tukaanza upya na hakuna aliyenigombeza.

Ukurasa wangu ulikuwa kuhusu yale mambo ya wakala na vidole. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, alafu tukakaa na dada mmoja wa pale tukautafsiri, na yeye ndo akasema Kiswahili tusikitoe, tukiache juu na Kijerumani chini. Akaongeza na ule msemo wa hawa jamaa, data za umma zitumike, data za mtu zilindwe. Mimi nikamwambia kwetu nayo sasa kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika mwezi wa tano 2023, wakati mimi nasajili laini haikuwepo, tukaweka na hiyo mstari mmoja, na chini kabisa *106# kwa herufi kubwa.

Nakala tano nimemtumia mdogo wangu Temeke kupitia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Moja aliipeleka Kariakoo kwa kaka yule yule aliyenifundisha kazi. Juzi amenitumia picha, ameibandika kwenye kioo cha meza juu ya chaja, na anaomba nimtumie na ule mchoro wa modemu ya mpira za choo.